Faili Safi Mno la Afisa Coyle

Bahasha ilikuwa nyembamba, na Kerubo Ombati hakupenda bahasha nyembamba. Alikuwa ameandika ombi la kumbukumbu za umma kama sheria ya Texas inavyotaka, akalipeleka mwenyewe kwa mkono, likagongwa muhuri mbele ya macho yake, kisha akangoja siku kumi za kazi bila kupunguza hata moja. Siku ya kumi ilikuwa leo, Jumanne ya Oktoba 2007. Kesi ilikuwa Ijumaa.

Aliifungua ndani ya gari, kwenye maegesho ya kituo cha polisi cha Harlow Springs, mji uliobanwa kati ya Arlington na Fort Worth kiasi kwamba ukipiga chafya unapouingia, unapangusa pua ukiwa umeshatoka.

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza cheti cha kulenga shabaha. Ya pili barua ya pongezi, kwa kumtoa bibi kizee kwenye mafuriko. Ya tatu fomu yenye jina la Afisa Dale Coyle, miaka kumi na moja kazini, na chini ya kichwa cha malalamiko na adhabu palikuwa na neno moja: Hakuna.

Kerubo alilisoma neno hilo mara tatu. Kabla ya kupata leseni ya upelelezi alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ya Houston, miaka sita ya kuamka Pearland alfajiri kwenda kuchambua mafaili ya watu. Jambo moja alilijua kuhusu mafaili: la mtu mzima halikosi doa. Hata daktari mcha Mungu ana barua ya kuonywa kwa kuegesha gari pasipo pake. Na huyu Coyle, ambaye wiki sita zilizopita alimvunja Vital, yule Mkongo mwenye kesi ya Ijumaa, mkono wa kulia mahali pawili kando ya barabara, eti hajawahi kulalamikiwa hata kwa kuchelewa kazini! Kerubo alishuka garini akarudi dirishani.

Karani wa kumbukumbu aliitwa Charlotte, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kwa mnyororo, na kama wanawake wengi wa Texas wa rika lake alimwita kila mtu mpenzi.

"Kuna tatizo, mpenzi?"

"Niliomba malalamiko yote dhidi ya afisa huyu. Nimepewa pongezi."

"Umepewa kilichomo kwenye faili."

"Faili lipi?"

Charlotte alivaa miwani, akamtazama vizuri. Ni wazi kwamba swali hilo hakulizoea. Aligeuka kuutazama mlango wa nyuma yake, akauona umefungwa.

"La wazi," alisema.

"Kwa hiyo lipo lisilo wazi."

"Hilo si siri, ni sheria ya jimbo. Lalamiko likiisha kwa adhabu, linaingia kwenye faili la wazi, na mtu yeyote anaweza kuliomba. Likiisha bila adhabu, linabaki kwenye faili la mkuu wa polisi. Hilo haliombwi. Hata mimi silioni."

"Na nani anaamua liishe bila adhabu?"

"Idara."

"Idara hii hii?"

"Hii hii, mpenzi."

Kerubo aliitazama tena fomu yenye neno Hakuna. Miaka yote aliyoishi Texas alikuwa akiwaambia watu kwamba Amerika kila kitu kimeandikwa na ukiomba unapewa. "Kwa hiyo afisa anaweza kuvunja mikono kumi," alisema polepole, "na mimi nikija kuomba nikaonyeshwa bibi kizee wa mafuriko."

"Sijasema hivyo." Charlotte akavuta stepla, akaanza kubana karatasi ambazo zilikuwa zimeshabanwa. Alizungumza akiiangalia stepla. "Lakini kila aliyelalamika hutumiwa barua nyumbani, kuelezwa jambo lake lilivyoisha. Sisi tunafunga karatasi zetu tu. Droo ya mtu hatuna ufunguo wake."

Akiwa njiani Kerubo alimpigia Njoroge, wakili mwenye ofisi ndogo Arlington ambaye ndiye aliyekuwa akimpa kazi hii.

"Faili ni clean," alimwambia. "Clean hadi inanuka sabuni."

"Hiyo ndiyo nilikuwa naogopa. Jana nili-file motion judge afungue ile ya siri. Unajua aliniambia nini? Nimletee sababu. Hawezi kufungua faili ya polisi juu tu client wangu ana mkono umevunjika. Anataka kitu cha kuonyesha kuna something ndani."

"Kama barua ya idara kwa mtu mwingine aliyelalamika?"

"Ukinipatia hata mbili, ana-sign order siku hiyo hiyo. Lakini ni Friday, Kerubo. Coyle ameandika kwa report kwamba Vital alimsukuma kwanza. Vital anasema hakumgusa. Kamera ya gari eti ilikuwa imeharibika. Ni neno la huyu na la yule, na yule ana badge. Jamaa akipatikana na hatia ya kushambulia polisi, hiyo ni felony, kosa kubwa. Green card imeenda, na yeye mwenyewe anaifuata hadi Congo. Watoto watatu."

"Idadi ya watoto naijua, Njoroge."

Nyumbani kwa Vital, mashariki ya Fort Worth, alifika kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyokuwa kwenye dashibodi tangu mwezi uliopita. Aliandikiwa na Papa Siméon, shemasi wa kanisa la Wakongo, mzee mpole ambaye ndiye aliyewaleta Vital na mkewe ofisini mara ya kwanza. Ilikuwa karatasi ya kupendeza. Kila mtaa ulipigiwa mstari, kila herufi imesimama wima, na kila R kubwa ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja chini ya jirani yake.

Marguerite, mke wa Vital, alifungua mlango akiwa bado na fulana ya kazi ya ghala. Vital alikuwa kitini, plasta nyeupe kutoka vidoleni hadi kwapani. Alikuwa mtu mkubwa aliyezoea kubeba maboksi, na sasa alikaa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Juu ya meza palikuwa na daftari la shule la mtoto, limefunguka. Ukurasa mzima ulijaa jina moja, Vital, Vital, Vital, herufi zikiyumba na kulalia upande.

"Unajifunza mkono wa kushoto?" Kerubo aliuliza.

Vital aliangalia dirishani. Marguerite ndiye aliyejibu. "Papier ni mingi, dada. Hospitali, tribunal. Kila mahali banasema weka signature."

Jibu lilikuwa na maana, Kerubo akaridhika nalo. Baadaye angejilaumu sana kwa kuridhika huko.

"Marguerite, karatasi zenu zote za kesi ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya farde. Ndivyo Wakongo wanavyoliita jalada la plastiki, na hakuna nyumba yao isiyokuwa nalo, chini ya godoro au juu ya kabati la vyombo. Watu hawa walikaa kambini Tanzania kama wakimbizi, miaka sita, saba, hata kumi. Kule karatasi yenye muhuri ndiyo ilikuwa unga na maharage. Ukiipoteza, jina lako linatoka kwenye orodha. Walikuja Texas na mazoea hayo hayo. Hata tangazo la pizza lilihifadhiwa mpaka mtu ahakikishe kwamba halina muhuri.

Kerubo aliishika farde ya Marguerite kwa mikono miwili, na maneno ya Charlotte yakamrudia. Droo ya mtu hatuna ufunguo wake.

"Nani mwingine kanisani amewahi kushikwa na huyu Coyle?"

Mume na mke walitazamana.

"Batu banaogopa, dada," Marguerite alisema.

"Nitajie mmoja tu."

"Mambo itaisha," Vital alisema ghafla. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kerubo aingie. "Mungu iko. Papa Siméon alikuja hapa Jumapili kutuombea. Mambo itaisha."

"Itaisha tukipata karatasi," Kerubo alimjibu. "Mmoja tu, Marguerite."

Marguerite alikunja pindo la fulana yake, akalikunjua. "Mama Melania," alisema.

Mama Melania alifanya kazi kiwanda cha kupaki nyama, zamu ya saa kumi alasiri, kwa hiyo Jumatano saa nane mchana alikuwa bado jikoni akipika sombe ya majani ya muhogo ya kuwaachia wanawe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Kerubo alimweleza anachotafuta. Melania alisikiliza, akafunika sufuria, akapiga simu mbili. Saa nane na nusu walikuwa watatu mezani: Melania mwenyewe, Parfait, kijana wa miaka thelathini aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na Fanny, msaidizi wa wagonjwa, msichana mwembamba aliyezungumza kwa kunong'ona. Kila mmoja alikuja na farde yake.

"Alinivuta kutoka kwa gari," Melania alisema, akigusa bega la kushoto. "Bega ilitoka. 2004."

"Miye alinilalia na goti," Parfait alisema. "Mbavu moja ilipasuka. 2005."

"Makofi," Fanny alinong'ona. "Mara nne. Mwaka jana."

Barua za idara zilikuwepo, zote tatu, safi kama zilivyotoka kwenye bahasha. Kerubo alihisi furaha ya mwindaji. Sababu ya jaji hii hapa, na si mbili bali tatu! Kisha akasoma.

Lalamiko lako dhidi ya Afisa Coyle limefungwa kwa ombi lako mwenyewe. Hakuna hatua itakayochukuliwa.

Alisoma ya pili. Kwa ombi lako mwenyewe. Ya tatu vile vile. Nyuma ya kila barua ilibanwa nakala ya barua nyingine, ya mkono, kwa Kiingereza. Melania alikuwa ameandika kwamba anamsamehe Afisa Coyle kwa moyo wake wote, na kwamba yeye pia ana kosa lake, kwa kuwa alimpandishia sauti na kumwinulia mkono. Parfait pia alisamehe, na kosa lake lilikuwa kujaribu kukimbia. Fanny alimwomba afisa radhi kwa kumtukana.

Kerubo alimtazama Fanny. "Wewe? Ulitukana polisi? Kwa Kiingereza gani?"

Fanny aliinamisha kichwa.

"Ni nani aliwalazimisha kuandika hivi?"  Aliona picha nzima kichwani: chumba kidogo kituoni, sajini ameegemea mlango, kalamu inasukumwa mezani. "Ni polisi waliwaambia maneno haya? Waliwatisha?"

Watatu hao walishangaa kwa dhati.

"Hakuna mutu alitulazimisha, dada," Melania alisema. "Tulipatana."

"Mlipatana na Coyle?"

"Ndiyo."

"Alikuja hapa?"

"Hapana, hakuja." Melania alifikiri kidogo, apate kuwa wa haki. "Alituma salamu."

"Na kesi zenu? Si mlishtakiwa kwa kukataa kukamatwa?"

"Ziliisha," Parfait alisema. "Ukisamehe tu, wiki moja inaisha."

Hapo kuna akili, Kerubo aliwaza. Coyle anapiga, kisha anashtaki, kisha anabadilisha shtaka kwa karatasi ya msamaha. Shtaka halimgharimu kitu, na karatasi inampeleka mlalamikaji kwenye faili la kufungwa milele. Lakini Coyle hakujua kuandika barua kama hizi. Zilikuwa na heshima mno.

"Ni nani aliwaandikia?"

Melania alirudi kwenye sufuria yake. Parfait akakumbuka kwamba simu yake inahitaji kutazamwa. Fanny alikuwa hapandishi sauti tangu mwanzo, sembuse sasa.

Kerubo hakuuliza tena. Alizisogeza barua tatu karibu na dirisha, akaziangalia kama alivyoziangalia karatasi za hospitali zamani, bila kusoma maneno. Miaka mitatu, watu watatu, mwandiko mmoja. Kila herufi wima. Na palipokuwa na R kubwa, mkia mrefu ulijikunja chini ya jirani yake.

Alikwenda garini na barua ya Melania, akachukua karatasi ya maelekezo kwenye dashibodi, akaiweka juu yake. Alikaa hapo mlango wazi, mguu mmoja nje. Papa Siméon! Mzee aliyemleta Vital ofisini kwa mkono wake mwenyewe. Kama angeambiwa ni padri wake wa Kisii asingeshtuka zaidi.

Njoroge, alipopigiwa, aliomba asomewe zote tatu. "Hizo barua zinatosha judge," alisema mwishowe. "Lakini zina makali mbili. Prosecutor atasema ni watu wanalalamika uongo halafu wana-confess. Huyo mzee tunamhitaji kwa stand, atoe ushahidi. Mshike kabla ya kesho iishe."

Papa Siméon alifanya kazi ya dobi katika nyumba ya kulelea wazee Arlington. Alhamisi saa nne asubuhi Kerubo alimkuta chumba cha nyuma, mashine mbili kubwa zikinguruma, na yeye katikati ya mlima wa shuka nyeupe. Uso wake uling'aa kwa furaha.

"Mama Kerubo! Karibu sana. Shika hapa." Alimpa pembe mbili za shuka, na kabla hajajua Kerubo alikuwa anakunja naye, wakisogeleana na kurudi nyuma.

"Papa Siméon, nimekuja kuzisifu R zako."

Mzee alicheka. "Frère Directeur wa shule alitufundisha na fimbo."

Kerubo aliweka shuka chini, akatoa zile nakala tatu alizoazimwa na Melania na wenzake. Alitarajia mzee akane, au ashtuke, au angalau aulize zimetoka wapi. Siméon alizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya mwanawe.

"Ndiyo. Ni miye niliandika. Zote."

"Kwa nini?"

"Kambini nilikuwa mpatanishi wa bloc, mtaa wetu, miaka saba. Nilipatanisha batu walichomeana nyumba, Mama. Ukipeleka jirani kwa polisi, kesho ni nani atakuchotea maji? Bon. Tulifika hapa, Melania akapata shida ile. Nikaenda kwa ule sergent wa malalamiko, nikamwambia, sisi hatuko batu ya vita, tupatanishe. Alifurahi sana! Alinipa kahawa."

"Naamini alifurahi."

"Na kesi ya mutu wetu iliisha. Mara tatu, Mama. Kesi tatu juu ya tatu." Alimpa shuka nyingine. "Hakuna mutu wetu alienda gereza."

"Na haya makosa? Fanny alitukana polisi? Fanny hawezi hata kumfukuza paka."

Tabasamu la Siméon lilipungua. "Upatanisho ya upande moja haiko. Kila mutu lazima alete kosa yake mezani. Ukikuja na mikono mitupu, hiyo si msamaha, ni kiburi. Ndiyo desturi."

"Coyle alileta kosa lake?"

Shuka ilikuwa imetanda kati yao. Siméon aliivuta, ikanyooka.

"Alituma salamu," alisema.

"Papa Siméon, nisikilize vizuri." Kerubo aliachia pembe zake. "Polisi wana mafaili mawili. Lalamiko likishinda, linakaa kwenye lile ambalo mtu yeyote anaweza kuliomba asome. Likianguka, linafungiwa kwa mkuu wa polisi, hakuna anayeliona. Nimeomba faili la Coyle. Nimengoja siku kumi. Unajua nimepewa nini? Amemwokoa bibi kizee kwenye mafuriko. Melania hayumo. Parfait hayumo. Fanny hayumo. Si Coyle aliyewatoa. Ni barua zako. Mlalamikaji mwenyewe ameandika kwamba kosa ni lake, idara ifanye nini? Inafunga. Kama bega la Melania lingekuwa kwenye faili la wazi tangu 2004, pengine leo Vital angekuwa anabeba maboksi."

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kikapu cha nguo.  Mashine moja ilimaliza mzunguko, ikaanza mwingine.

"Sikujua iko mafaili mbili," alisema.

"Hata mimi sikujua mpaka juzi." Ilikuwa kweli, na Kerubo aliona haya kuisema. Alilainisha sauti. "Sasa bado tuna nafasi. Kesho uje kortini umweleze jaji ulivyoniambia, desturi na kila kitu. Atafungua lile faili."

"Kesho?" Siméon aliinua uso. "Mama, kesho hakuna kesi."

"Ipo. Saa tatu."

"Hapana. Imeisha. Nimeshapatanisha."

"Nimekwambia hizi tatu—"

"Si hizi. Ya Vital. Leo asubuhi saa mbili, mbele ya kuanza kazi, nilipeleka."

Kerubo alisikia maneno, akayaelewa moja moja, ila yote kwa pamoja yalikataa kuingia. Kisha akaliona lile daftari la mtoto, ukurasa mzima, herufi zikilalia upande. Papier ni mingi, dada.

"Nionyeshe," alisema. 

Siméon alifungua kabati la chuma la wafanyakazi, akatoa farde iliyonenepa kwa miaka ya mihuri. Nakala ilikuwa ya juu kabisa. Mwandiko ule ule mzuri, muhuri wa kupokelewa, tarehe ya leo. Mimi, Vital, ninamsamehe Afisa Coyle kwa moyo wangu wote. Mimi pia nina kosa langu: nilimsukuma kwanza. Chini yake sahihi ya mkono wa kushoto, kubwa, yenye bidii, kama ya mtoto anayetaka mwalimu amsifu.

Kerubo aliisoma tena tangu juu. Alijiegemeza kwenye mashine, ikamtetemesha mwili mzima.

"Ni nani aliipokea?"

"Sergent."

"Alisema nini?"

"Mara hii hakunipa kahawa." Mzee alisema polepole, kama mtu anayeanza kujisikiliza. "Aliisoma amesimama na polisi mwenzake. Alisema asante. Alisema tena asante. Akaenda nayo mbio."

"Melania, Parfait na Fanny walikuwa na makosa madogo, Papa. Wakafutiwa. Vital anashtakiwa kwa kosa kubwa, na shtaka lenyewe ni hilo moja: kwamba alimsukuma polisi kwanza. Hakukuwa na ushahidi isipokuwa neno la Coyle. Sasa upo. Barua hii haitafichwa. Imeshafika kwa mwendesha mashtaka sasa hivi ninavyozungumza. Kesho itasomwa kwa sauti, watu wote wasikie. Hii ndiyo karatasi pekee ya Coyle ambayo itakuwa wazi!"

Siméon aliweka mikono kichwani. 

Kerubo alichutama mbele yake. Aliuliza taratibu, kwa kuwa jibu hili lilipaswa kuwa sahihi.

"Nijibu mimi kwanza, kabla ya jaji. Vital alimsukuma?"

"Hapana."

"Alikwambia alimsukuma?"

"Hapana. Alikataa. Alilia, Mama. Alisema hata kidole hakumugusa. Nikamwambia, tafuta, Vital, hakuna mutu hana kosa. Jumapili kutoka kanisani tulikaa mchana mzima tunatafuta." Alimtazama Kerubo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyegonga kitu barabarani na ndiyo kwanza anashuka kutazama ni nini. "Hakupata. Hakukuwa na kosa. Ni miye nilimusaidia kuitafuta."

Mashine zote mbili zilizimika. Chumbani pakawa kimya, na huko ukumbini mzee mmoja alikuwa akimwita binti yake kwa Kiingereza, mara kwa mara, jina lile lile.

"Maneno hayo," Kerubo alisema. "Kesho utaweza kuyasema vile vile? Bila kuyapamba?"

"Batanifunga?"

Angeweza kumdanganya. "Sijui," alisema.

"Na kanisani?"

"Hilo pia sijui."

 Siméon alitazama shuka alizozikunja tangu aingie kazini, zote sawa, pembe kwa pembe. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mmoja.

"Nipe karatasi."

Kerubo alimpa daftari lake la kazi na kalamu.

"Nakala ngapi?"

"Mbili. Moja ya jaji. Nyingine tunaipeleka sasa hivi Harlow Springs, dirishani kwa Charlotte, igongwe muhuri kama ile ya asubuhi."

Mzee aliweka daftari juu ya goti, akaandika kwamba yeye, Siméon, ana kosa lake. Kerubo alisimama juu yake akiangalia kalamu. Haikusita mahali popote, hata kwenye mkia wa R. Kosa hili hakulitafuta.